Flavonoidi, panya wa maabara na ini lako

Ujumbe wa namna hii hauishi kuzunguka kwenye makundi ya WhatsApp. Sauti ya mtu asiyejitaja inasema wanasayansi wamethibitisha kwamba majani ya mlonge, au maua ya rozela, au gome la mti fulani, yana flavonoidi, na flavonoidi hulinda ini lisiharibiwe na dawa za hospitali. Mwishoni kuna namba ya simu na bei ya chupa. Anayeusikiliza kwa makini kuliko wote ni yule anayemeza vidonge kila siku: mgonjwa wa kifua kikuu aliye mwezi wa pili wa dozi, mtu anayetumia ARV, mzee wa presha na sukari. Huyo ndiye aliyewahi kuambiwa kliniki kwamba dawa zake "wakati mwingine hugusa ini", akarudi nyumbani na maneno hayo kichwani.

Ujumbe wenyewe una chembe ya ukweli, na hapo ndipo ugumu ulipo. Tafiti zipo, tena nyingi, kutoka India, Misri, Nigeria, China, Iran na kwetu Afrika Mashariki pia. Karibu zote zinasema ndiyo, ini lililindwa. Yasiyosemwa kwenye ujumbe ni ini la nani, dhidi ya sumu gani, na mmea ulitolewa lini.

Tuanze na jina. Flavonoidi ni kundi kubwa la kemikali ambazo mimea hujitengenezea. Zilizotambuliwa hadi sasa zimepita 6,000. Mmea huzitumia kujikinga na jua kali, kupambana na ukungu na wadudu, na kupaka rangi maua na matunda ili nyuki na ndege waje. Wekundu wa juisi ya rozela ni flavonoidi. Rangi inayobaki kwenye ulimi wa mtoto aliyekula zambarau ni flavonoidi. Kitunguu maji chekundu kina kwasetini, chai ina katekini, chungwa lina hesperidini, na majani ya mlonge yana kwasetini pia. Kwa hiyo aliyekunywa chai ya rangi asubuhi na kula kachumbari mchana amekwisha kula flavonoidi bila kununua chupa ya mtu.

Vilevile si kila kiungo chenye sifa ya kutibu kina flavonoidi kama kemikali yake kuu. Kurkumini ya manjano, ambayo wengine huiita binzari, haimo katika kundi hili ingawa ni ya ukoo mpana zaidi wa polifenoli. Ukali wa tangawizi nao unatokana na kemikali nyingine. Muuzaji anayebandika neno "flavonoidi" kwenye kila kitu anachosaga anatumia neno hilo kama pambo tu.

Sasa tuje kwenye ini. La mtu mzima lina uzito wa kilo moja na nusu hivi, limekaa upande wa kulia chini ya mbavu, na damu itokayo kwenye utumbo hupita hapo kwanza kabla ya kusambaa mwilini. Moja ya kazi zake ni kukamata vitu vigeni, dawa zikiwemo, na kuvigeuza vitoke kwa mkojo au kwa nyongo. Kazi hiyo hufanywa na vimeng'enya, yaani protini zinazoharakisha mabadiliko ya kikemia mwilini. Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba mara nyingi kitu kilichomezwa hakikuwa sumu kilipoingia. Kiligeuka sumu ini lilipokuwa linakishughulikia.

Parasetamoli ndiyo mfano unaoeleweka vizuri kuliko yote. Wengi tunaiita panadoli hata pakiti ikiwa na jina jingine, na kwa mtu mzima kiwango cha juu ni gramu 4 kwa siku, yaani vidonge 8 vya miligramu 500. Ini huiondoa kwa njia kuu mbili zilizo salama, na sehemu ndogo, kati ya asilimia 5 na 10, hupita njia ya tatu. Fikiria mvua inayonyesha mtaani. Kuna mitaro miwili mikubwa inayobeba maji mengi hadi mtoni, na kuna uchochoro mmoja unaopita katikati ya nyumba za watu. Mvua ya kawaida, mitaro inatosha. Maji machache yanayoingia uchochoroni huchotwa kwa ndoo na wenye nyumba, maisha yanaendelea. Ikinyesha ya gharika, mitaro hufurika, maji yote ya ziada hufuata uchochoro, ndoo hazitoshi, na nyumba zinaanza kubomoka.

Maji ya uchochoroni hapa ni kemikali kali iitwayo NAPQI, inayozaliwa pale kimeng'enya kimoja cha ini kinapoigusa parasetamoli. Ndoo ni glutathioni, kitu ambacho seli za ini hujitengenezea ili kuizima kemikali hiyo. Glutathioni ikipungua sana, NAPQI hujibandika kwenye protini za seli, mitambo ya kuzalisha nguvu ndani ya seli huharibika, na seli hufa. Ukatili wa jambo hili uko kwenye saa zake. Siku ya kwanza mtu aliyezidisha dozi anaweza kutapika kidogo tu. Siku ya pili huonekana ana nafuu, ndugu wanashusha pumzi. Siku ya tatu maumivu ya ubavu na macho ya njano yanapojitokeza, ini tayari limeungua. Dawa yake hospitali ni asetilisisteini, inayotumika tangu miaka ya 1970, na kazi yake ni kulipa ini malighafi ya kutengeneza ndoo nyingine. Hufanya kazi vizuri zaidi ikitolewa ndani ya saa 8. Ndiyo maana aliyezidisha vidonge apelekwe hospitali hata kama anacheka na kuongea vizuri.

Sumu nyingine nyingi hufuata njia hiyohiyo. Kaboni tetrakloridi, kimiminika kilichowahi kutumika kusafishia nguo na hata ndani ya vizima-moto, haiumizi ini mpaka kimeng'enya kiigeuze kuwa chembe isiyotulia inayounguza mafuta ya kuta za seli. Aflatoksini ya mahindi na karanga zilizoota ukungu nayo hugeuzwa na ini kwanza, kisha ndipo hujibandika kwenye vinasaba. Ukielewa hilo, umeelewa flavonoidi zinaingilia wapi.

Katika majaribio, flavonoidi zimeonekana kufanya kazi kadhaa. Zipo zinazopunguza kasi ya kile kimeng'enya chenye kuzalisha sumu, yaani zinaziba uchochoro. Zipo zinazoamsha vinasaba vya kutengeneza glutathioni, yaani zinaongeza ndoo. Zipo zinazozima zenyewe chembe zisizotulia, na zipo zinazotuliza uvimbe unaokuja baada ya seli kufa, kwa sababu uharibifu mwingine huletwa na askari wa mwili wenyewe wakija kusafisha. Ya kwanza kati ya hizi, kuziba uchochoro, ndiyo ninayoiona ya kuangaliwa kwa jicho kali, nami nitaeleza sababu baadaye.

Jaribio lenyewe likoje? Panya hugawanywa kwa makundi, mara nyingi sita sita. Kundi moja hupewa maji tu. La pili hupewa sumu tu. La tatu hupewa mmea unaochunguzwa kwa siku saba au zaidi, halafu siku ya mwisho hupigwa sindano ya kaboni tetrakloridi iliyochanganywa na mafuta ya zeituni, au hunyweshwa parasetamoli nyingi kwa mkupuo. Kundi jingine hupewa silimarini, dawa ya mmea ambayo nitaitaja tena, ili mmea mpya upimwe kwa kulinganishwa nayo. Kesho yake damu huchukuliwa, vimeng'enya vinavyovuja kutoka kwenye ini lililoumia hupimwa, panya huuawa, na ini hukatwa vipande vyembamba na kutazamwa kwa darubini. Kwenye kundi la sumu tupu utaona seli zilizokufa zimezunguka mshipa wa katikati. Kwenye kundi lililopewa mmea, uharibifu huwa mdogo. Matokeo hayo ni ya kweli, na mimi sina ugomvi na watafiti waliofanya kazi hiyo.

Ila angalia mpangilio. Mmea ulitangulia, sumu ikafuata. Panya aliandaliwa siku saba kwa ajili ya ajali iliyokuwa kwenye ratiba. Mtu hana ratiba hiyo. Pili, sumu ni moja, ya mkupuo, na humuumiza kila panya kwa namna ileile. Madhara mengi ya dawa kwa watu hayako hivyo. Parasetamoli ni ya wazi: ukizidisha, unaumia, karibu kila mtu. Lakini isoniazidi, rifampisini na pirazinamidi za kifua kikuu humgusa mgonjwa mmoja na kumwacha mwenzake anayemeza vidonge vilevile, kiwango kilekile. Sababu mojawapo ni ya kurithi: kuna watu ambao ini lao huichakata isoniazidi polepole kwa sababu ya kinasaba chao. Panya aliyeunguzwa kwa kaboni tetrakloridi hatuelezi mengi kuhusu mgonjwa huyo.

Kuna pia suala la kiasi. Majaribio mengi hutumia miligramu 100 au 200 za flavonoidi kwa kila kilo ya panya. Kanuni inayotumika kubadilisha dozi ya panya mkubwa wa maabara kuwa ya binadamu ni kugawa kwa 6.2 hivi. Mtu wa kilo 60 atahitaji, kwa ile dozi ya 200, karibu gramu 1.9 za kwasetini safi kwa siku. Kitunguu cha gramu 100 kina miligramu 30 hivi, kinaweza kupungua au kuzidi. Fanya hesabu: vitunguu zaidi ya 60, kilo 6 na ushee, kila siku. Na hata ukivimaliza, utumbo hufyonza kidogo, bakteria wa tumboni huvunjavunja sehemu kubwa, na kinachofika kwenye ini hubandikwa alama ya kutolewa nje upesi. Ini huzitazama flavonoidi kama linavyoitazama dawa yoyote: mgeni wa kusindikizwa mlangoni.

Je, kuna mahali ambapo zimemsaidia mtu? Pako, na panafaa kusimuliwa. Ulaya na kandokando ya Mediterania huota mmea wa miiba wenye maua ya zambarau, Silybum marianum, na mbegu zake ndizo hutoa ile silimarini. Kiungo chake kikuu huitwa silibini. Ulaya pia kuna uyoga wa Amanita phalloides, unaofanana na uyoga wa kuliwa na ambao ndio husababisha vifo vingi vya sumu ya uyoga duniani. Sumu yake huingia kwenye seli za ini kupitia mlango maalumu kwenye ukuta wa seli, kisha huzima kabisa usomaji wa vinasaba. Silibini huuzuia mlango huo. Kwa hiyo hospitali za Ulaya huwapa wagonjwa silibini kwa dripu, miligramu 20 kwa kilo kwa siku. Mwaka 2007 familia moja ya Santa Cruz, California, ilipokula uyoga huo, madaktari waliomba kibali cha dharura na dawa ikasafirishwa kwa ndege kutoka Ujerumani.

Hata hapo kuna mipaka. Hakujawahi kufanyika jaribio la kulinganisha kwa kura wagonjwa wa uyoga waliopewa na wasiopewa, maana nani atakubali kumnyima mtu anayekufa? Na dawa hiyo iliyosafishwa, iliyopimwa na kuingizwa mshipani haina undugu na unga unaochotwa kwa kijiko cha chai.

Silimarini ya kumeza ilipopimwa kwa umakini, habari zilipoa. Mwaka 2012 yalichapishwa Marekani matokeo ya jaribio la wagonjwa 154 wa homa ya ini aina ya C ambao dawa ya interferoni ilikuwa imeshindwa kuwasaidia. Wengine walipewa silimarini kwa dozi kubwa kuliko ya kawaida, wengine vidonge visivyo na kitu. Vipimo vya ini havikutofautiana. Kwa wagonjwa wa kifua kikuu majibu yamevutana: jaribio dogo la Thailand lilionesha faida, jaribio kubwa zaidi la China halikuonesha. Mimi nasoma hivi: kama kinga ipo, ni ndogo, na haijatosha kuingizwa kwenye utaratibu wa matibabu.

Turudi kwenye kuziba uchochoro. Vimeng'enya vinavyogeuza parasetamoli na kaboni tetrakloridi kuwa sumu ni ndugu wa vile vinavyoondoa mamia ya dawa nyingine mwilini. Mmea unaovizima kwa panya ili kumwokoa na sumu unaweza kuvizima kwako, na dawa yako ya presha au ya kifafa ikabaki kwenye damu kwa kiwango kikubwa kuliko alichokusudia daktari. Mwaka 1989 watafiti wa Kanada waligundua kwa bahati kwamba juisi ya balungi hupandisha kiwango cha dawa ya presha iitwayo felodipini. Mshukiwa wa kwanza alikuwa flavonoidi ya balungi, naringini. Baadaye ikaonekana wahusika wakuu ni kemikali nyingine za tunda hilohilo, furanokumarini. Kisa hicho kinanipendeza kwa sababu kinaonesha kwamba hata wataalamu hawajui mara moja ni kemikali ipi kwenye tunda inayofanya kazi ipi, sembuse kwenye chupa iliyochemshwa majani ya aina tano.

Na ile kauli kwamba cha asili hakidhuru? Chai ya kijani ni mfano mzuri. Kuinywa kikombeni kwa kawaida hakuleti shida. Lakini viwanda viliposafisha katekini yake na kuifunga kwenye vidonge vya kupunguza unene, watu walianza kulazwa kwa ini. Mamlaka ya Usalama wa Chakula ya Ulaya ilisema mwaka 2018 kwamba miligramu 800 au zaidi za katekini hiyo, EGCG, kwa siku kupitia vidonge huhusishwa na kupanda kwa vimeng'enya vya ini. Ni flavonoidi ileile inayosifiwa kwa kulinda ini! Vidonge vya kurkumini, ile ya binzari, navyo vimeripotiwa Marekani kuumiza maini ya baadhi ya watumiaji. Mara nyingi pilipili manga huchanganywa ndani yake makusudi ili kurkumini ifyonzwe zaidi. Sisi wenyewe tuna miraa, mirungi kwa Watanzania, jani bichi kabisa lisilopita kiwandani, na madaktari wa Ethiopia na Uingereza wameeleza wagonjwa wa ini miongoni mwa watafunaji wake.

Nimalize hadithi nyingine inayouzwa sana, ya "kusafisha ini". Ini halikusanyi uchafu kama kichujio cha gari kinachohitaji kupulizwa. Linafanya kazi na kutoa taka saa zote. Ini lenye homa ya ini aina ya B lina virusi, lenye mafuta lina mafuta, lenye makovu ya pombe lina makovu, na kila moja lina njia yake ya kutibiwa ambayo haifanani na ya jirani yake.

Kama kuna sumu ya ini inayotuhusu moja kwa moja huku kwetu, ni aflatoksini. Mwaka 2004 mashariki mwa Kenya, hasa Makueni na Kitui, watu 317 waliugua na 125 walikufa baada ya kula mahindi yaliyoota ukungu. Mwaka 2016 mikoa ya kati ya Tanzania, Dodoma ikiwemo, ilipata msiba wa aina hiyohiyo. Flavonoidi zimejaribiwa hapa pia, na silimarini kwenye chakula cha kuku imeonesha kupunguza madhara. Kwa mfugaji hilo linaweza kuwa na maana. Kwa mlaji wa ugali, njia iliyo na ushahidi ni nyingine kabisa: kukausha mahindi juu ya turubai au jukwaa badala ya udongo mtupu, kuyahifadhi yakiwa na unyevu usiozidi asilimia 13 hivi, kutumia mifuko isiyopitisha hewa, na kuzitupa karanga zilizosinyaa au kubadilika rangi. Kuchemsha hakusaidii sana, maana aflatoksini haiuawi na moto wa sufuria.

Mgonjwa wa kifua kikuu tuliyeanza naye asiache rozela wala mchicha wala chungwa. Kwa kiasi cha mezani ni chakula kizuri. Asiache pia vidonge vyake kwa sababu ya sauti ya WhatsApp. Matibabu ya kawaida ni miezi sita, dawa nne kwa miezi miwili ya kwanza kisha mbili kwa minne, na kuyakatiza kunampa bakteria nafasi ya kujifunza kuishi na dawa. Akiona macho yanageuka njano, mkojo unakuwa kama chai ya rangi, kichefuchefu hakiishi, hamu ya kula imekatika au upande wa kulia chini ya mbavu unauma, arudi kliniki siku hiyohiyo kabla ya kumeza dozi inayofuata, apimwe damu. Wahudumu wanajua dawa ipi ya kusimamisha, ipi ya kurudisha kwanza na kwa mpangilio gani. Na kama alikuwa anakunywa chochote pembeni, aende nacho, chupa na lebo yake, au tawi lenye majani kama ni la kuchuma mwenyewe. Daktari hawezi kukisia jina la mti ambao hajaambiwa.